Babu Niliyempa Madam kwa Makosa

Kwa miezi minne kosa langu lilitundikwa ukutani, limedariziwa kwa uzi wa dhahabu kwenye kitambaa kirefu kama mlango. Kila mgeni aliyeingia sebuleni kwa Madam, pale Al Jaddaf, Dubai, alionyeshwa. Alivaa miwani, akafuata majina kwa kidole kutoka chini kwenda juu, na alipofika juu kabisa Madam alimwambia, "Huyo ni mzee wa kanisa. Alifika Marekani na meli za mwanzo." Halafu alinigeukia mimi, niliyeshika sinia ya chai. "Na huyu Mzee wangu ndiye aliyempata."

Nami nilitabasamu. Sitalificha hilo. Nilipenda kuonyeshwa kama kitambaa.

Madam ni Mmarekani, mjane, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na minane. Mumewe alikuwa mhandisi, na mimi nilikuwa dereva wao kwa miaka mingi. Mumewe alipofariki watu walidhani atarudi kwao, lakini alisema kwao kuna theluji na hapa kuna lifti. Akabaki. Mimi nilibaki naye, viza yangu ikiwa chini yake kama ilivyokuwa tangu mwanzo. Yeye ndiye kafeel wangu, anayenisimamia mbele ya serikali.

Halafu macho yakanichezea. Vibao vya barabarani vikawa ukungu, nikamrudishia Madam funguo za gari kwa mikono miwili, nikasubiri aniambie nikapange sanduku. Badala yake aliniuliza, "Mzee, karibu unaona?"

"Karibu naona vizuri, Madam. Hata herufi ndogo za dawa."

"Basi kaa hapa," akasema, akanisogezea kiti cha meza ya kulia chakula. Yeye mwenyewe alikuwa anaona mbali, karibu haoni. Mpishi wetu, mama mmoja wa Unguja aliyeletwa Dubai angali msichana, alitutazama tukiwa tumeinamia karatasi, akasema, "Nyie wawili mkishonwa pamoja tutapata mtu mmoja mzima."

Kazi yenyewe ilikuwa kutafuta mababu. Watu wa upande wa baba yake Madam walivuka bahari kutoka Uingereza karibu miaka mia nne iliyopita, wakakaa Massachusetts, na kama kuna kitu watu wale walikipenda baada ya Mungu, basi ni kuandika. Waliandika nani kazaliwa, nani kafa, nani kalala usingizi kanisani na faini yake ilikuwa kiasi gani. Mtu akifa waliandika hata sufuria zake. Leo maandishi hayo yamepigwa picha, yako kwenye kompyuta, na mzee wa Murang'a anaweza kukaa Al Jaddaf na kikombe chake cha chai akayasoma.

Mpishi hakuacha jambo hilo lipite bure.

"Hebu niambie," akasema jikoni, siku ya kwanza. "Walioenda kukaa kwenye nchi za watu wakazifanya zao, kwenu Kenya mnawaitaje?"

"Walowezi."

"Na wewe, Mkikuyu mzima, umeajiriwa kuwatafutia walowezi babu zao?"

"Ni kazi tu, bibie."

"Lo! Babu yako akifufuka atakutia bakora." Akacheka mpaka akashika meza. Baadaye alimuuliza Madam mwenyewe, kwa Kiingereza chake kisicho na woga, wenyewe wa nchi ile walikuwa wapi wakati haya yote yanaandikwa. Madam akasema, "Mashamba yao yameandikwa. Majina yao hayakuandikwa." Kuanzia siku hiyo, tulipokuta shamba limetajwa, aliniambia nichore alama pembeni kwa penseli.

Kilichomfanya Madam aharakishe ni dada yake. Huyo dada yuko Marekani, alikuwa anakaribia miaka tisini, na maisha yao yote waliambiwa nyumbani kwamba wao ni uzao wa mzee mmoja wa kanisa, mtu mwenye heshima na shamba kubwa, aliyekuja na meli za mwanzo. Waliambiwa tu. Hakuna aliyewahi kuonyesha. Madam alikuwa ameahidi kwamba siku ya kuzaliwa ya dada yake atamletea ukoo wote, jina kwa jina, kutoka kwao wawili mpaka kwa yule mzee. "Dada yangu ni mkali," aliniambia. "Hajawahi kuniamini katika jambo lolote tangu nilipovunja baiskeli yake. Hili ataliamini, kwa sababu litakuwa limeandikwa."

Sijui kama nimewahi kufurahia kazi kama ile. Kila wiki tulipanda kizazi. Tulikuta mama aliyezaa watoto kumi na watatu na bado akaishi kumzika mume wa pili. Tulikuta ndugu wawili walioshtakiana kwa sababu ya nguruwe mmoja. Tulikuta mtoto aliyepewa jina la kaka yake aliyekufa kabla yake, na nikamwambia Madam kwamba hata kwetu jina halizikwi na mtu. Tukipata kiungo kipya Madam alipiga meza kwa kiganja na kumwita mpishi, mpishi akaja na unga mikononi, tukamsomea, naye akatoa hukumu. Kuhusu ile kesi ya nguruwe alisema wote wawili walistahili, kwani wangefuga mbuzi yasingewapata.

Tukapanda hivyo mpaka kwa mkulima mmoja, mtu wa kizazi cha mwanzo kabisa. Ndoa yake tuliipata, shamba lake tulilipata, watoto wake tuliwapata wote. Baba yake hakuonekana popote. Ukoo wake ulikuwa na jina la kawaida, jina la kazi ya mikono ambalo nusu ya kijiji walikuwa nalo. Yule mzee wa kanisa alikuwa nalo pia, alikuwa wa kijiji hichohicho, na tulihitaji karatasi moja tu iseme huyu ni mwana wa yule. Tulikaa hapo msimu wote wa baridi, pazia likiwa wazi na upepo mzuri unaingia, tukiwa na hatua moja iliyobaki na hatuna pa kuweka mguu.

Ndipo nikafanya nilichofanya.

Kulikuwa na orodha ya majina yaliyotajwa katika wosia wa mzee wa kanisa. Majina tu, yaliyonakiliwa na mtu wa kujitolea, bila maelezo. Jina la mkulima wetu lilikuwamo. Na mkulima huyo, tulijua tayari, alimpa mwanawe wa kwanza jina la yule mzee. Nilipoviweka vitu hivyo viwili pamoja, niliona babu amepatikana.

Kwetu jambo hili halina mjadala. Mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake. Wa pili, la baba wa mama yake. Mimi mwenyewe mwanangu wa kwanza nilimwita jina la baba yangu, na alipokuwa mdogo, akilia, nilikuwa namwambia, "Nyamaza, baba," na nilikuwa ninamaanisha. Ukinionyesha mtoto wa kwanza nitakuambia babu yake ni nani.

Basi nikamwambia Madam. Nilisimama, hata. Nilisema, "Mtoto wa kwanza amebeba jina la babu yake. Mkulima ni mwana wa mzee wa kanisa, na ndiyo maana yumo kwenye wosia."

Madam alifunga macho. "Una uhakika, Mzee?"

"Kabisa, Madam. Jina halidanganyi."

Mwalimu aliyefundisha miaka arobaini angepaswa kuniuliza maswali zaidi. Lakini alikuwa amelitaka jibu hilo tangu utotoni, na mimi nilimpa nikiwa nimesimama wima kama shahidi mahakamani. Alinishika kichwa akanibusu kwenye paji la uso. Keki ikaagizwa.

Jikoni mpishi alikuwa anakuna nazi. Nilimweleza, na nilimweleza kwa marefu na mapana.

"Ehe," akasema. "Na wewe jina lako ni la nani?"

"La jirani yetu. Mwaka wa njaa alimpa baba ng'ombe wa maziwa. Nilipozaliwa, baba akasema huyu ataitwa yeye."

"Jirani."

"Jirani, ndiyo."

"Si babu yako."

"Mimi ni mtoto wa sita, bibie, mababu walikuwa wamekwisha."

"Aa. Haya," akasema, akaendelea kukuna nazi. Nami nilirudi sebuleni kula keki, na sikusikia nilichoambiwa.

Kitambaa kilidariziwa mtaa wa Naif, kwenye kiduka kilicho juu ya maduka ya mabegi. Fundi wake ni Mpakistani anayedarizi majina kwenye sare za walinzi, na mimi nilimjua tangu zamani. Alipoona orodha ya vizazi kumi na viwili alikuna kichwa.

"Hawa wote security?" akauliza.

"Hapana. Ni familia."

"Kampuni kubwa," akasema, akawasha mashine. Jina la mzee wa kanisa Madam alitaka liwe juu, kwa dhahabu, herufi kubwa kuliko za wengine. Lilipendeza. Hata fundi alilipiga picha.

Zikabaki siku kumi na tisa Madam asafiri. Zamani, kabla ya keki, tulikuwa tumemwandikia mtunza kumbukumbu wa kijiji kile kule Massachusetts, tukaomba picha ya wosia mzima. Tulikuwa tumeshasahau. Asubuhi moja barua pepe ikaja, kurasa mbili, na Madam akafurahi kama ameletewa maua. "Kazichapishe, Mzee. Tutazitia kwenye fremu, tumpe dada yangu pamoja na kitambaa."

Nilizichapisha kwenye duka la chini. Nikakaa kwenye kochi la ukumbi wa jengo, chini ya kiyoyozi, nikaanza kuzisoma, kwa raha tu, kama mtu anayesoma habari ya ushindi wa timu yake.

Mzee wa kanisa alimtaja mke wake. Akataja mabinti watano na waume zao. Akasema Mungu alimtwalia wanawe wa kiume wote wakiwa wachanga, na kwamba hamlaumu. Ukurasa wa pili ulianza na sufuria, vitanda, mablanketi. Chini ya mablanketi likaja jina la mkulima wetu, na kabla ya jina hilo, kwa mwandiko mzuri usio na shaka hata kidogo, maneno mawili: mtumishi wangu.

Nilisoma mara nne. Mtumishi wangu, ambaye nauli yake ya meli niliilipa mimi, kwa mkataba wa miaka saba. Miaka miwili iliyobaki ninamsamehe. Apewe shoka, jembe, nguo mpya jozi nzima, na mtamba mwekundu.

Kwa hiyo alikuwa ni kijana aliyeletwa na mkataba, jina lake la ukoo likafanana na la bwana wake kwa sababu lilifanana na la kila mtu. Akaachiliwa kabla ya wakati, akapewa mtamba, na alipozaa mwana wa kwanza akamwita jina la aliyemtendea wema. Alifanya kama baba yangu alivyofanya. Mimi, niliyeitwa jina la jirani kwa sababu ya ng'ombe, ndiye mtu wa mwisho duniani aliyepaswa kukosa kuliona hilo.

Nilichofanya baada ya hapo nitakisema. Nilikunja ukurasa wa pili nikautia mfukoni mwa shati. Nikapanda na ukurasa wa kwanza, nikamwambia Madam mwingine haukutoka vizuri, nitauchapisha tena. Akasema, "Hakuna haraka."

Vitu vya karibu Madam havioni. Dada yake ana miaka tisini. Nani mwingine angesoma? Ukurasa ule ungekaa mfukoni mwangu, mzee wa kanisa angekaa juu kwa dhahabu yake, na vikongwe wawili wangekufa na furaha. Hayo ndiyo niliyojiambia siku mbili mfululizo, na nilikuwa nimekwisha kuyajua maneno hayo, maana nilishawahi kuyatumia.

Kabla ya kuwa dereva nilifanya kazi kwenye duka la mizigo, Naif. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina kwenye maboksi yanayokwenda Afrika Mashariki. Tulikuwa na wateja wawili wenye jina moja, mmoja Mombasa na mwingine Mwanza. Siku moja niliandika bila kuuliza, na maboksi ya nguo za harusi ya binti wa mtu yakaenda Mwanza, harusi ikapita. Mwenye duka aliamini aliyekosea ni mwenzangu, kijana wa Kisumu tuliyelala naye chumba kimoja. Nilikaa kimya siku tatu nikisubiri hasira ipoe, halafu nitasema. Siku ya tatu viza ya mwenzangu ilifutwa, akapelekwa uwanja wa ndege. Tulipoagana aliniachia mto wake, kwa kuwa wangu ulikuwa mwembamba. Sikusema hata hapo. Na sikuwahi kumtafuta baadaye, hilo ni kosa jingine, la peke yake.

Kwa hiyo asubuhi ya pili kabla chai haijamiminwa nikaenda sebuleni. Madam alikuwa sakafuni karibu na sanduku lake wazi, anakunja soksi.

"Madam, ukurasa wa pili ninao. Ninao tangu juzi."

Alinitazama kwa yale macho yake ya mbali. "Una nini, Mzee? Umekuwa wa kijivu."

"Mkulima si mwana wa mzee wa kanisa. Mimi ndiye niliyesema ni mwanawe. Nilisema nina uhakika. Sikuwa nao."

Aliweka soksi chini. "Nisomee."

Nilisoma yote, sufuria na mablanketi, mpaka kwa mtamba mwekundu. Nilipomaliza, jikoni nako kulikuwa kimya, na nilijua mpishi amesimama nyuma ya mlango.

"Mkataba," akasema Madam.

"Miaka saba."

"Na nauli alilipiwa na bwana wake."

"Ndiyo, Madam."

"Angeweza kuondoka, akaenda kufanya kazi kwa mtu mwingine?"

"Wosia hausemi. Nadhani wangemtangaza mtoro."

Mlango wa jikoni ukafunguka. "Basi babu yako alikuwa na kafeel, Madam!" akasema mpishi. "Mambo yaleyale! Tiketi kwa bwana, miaka kwa bwana, ukitoka mtoro. Walimshikia na pasipoti?"

"Nyamaza wewe," nikamwambia.

"Ninyamaze nini? Huyo ni mwenzetu."

Madam alikuwa ameinama, mabega yakimtikisika, na kwa sekunde kadhaa niliamini nimemliza. Kisha akainua uso. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, anacheka bila sauti kama watu wanaocheka kanisani.

"Mzee," akasema alipoweza, "mimi ni kafeel wako."

"Ndiyo, Madam."

"Na unayetafutiwa babu ni mimi."

"Ndiyo, Madam."

"Na babu ni wewe!" Akaanza tena. Mpishi akakaa chini naye sakafuni, nikabaki nimesimama peke yangu na wosia mkononi, sijui kama nimesamehewa au nimefukuzwa.

Halafu kicheko kikaisha, akapangusa uso kwa soksi, na nikaona hofu yenyewe ikimjia. "Dada yangu," akasema. "Ameshawaalika watu arobaini. Amewaambia wote kuhusu mzee wa kanisa."

"Nitamwandikia mimi. Nitasema kosa ni langu."

"Hapana. Nitampelekea mkononi." Alikitazama kitambaa. "Ukinificha tena kitu, Mzee, nitakasirika kweli. Kwa kukosea sikasiriki. Nimesahihisha watoto miaka arobaini. Lakini siku mbili! Siku mbili umekula chakula mbele yangu na babu yangu mfukoni!"

Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Nililistahili, nikalipokea.

Tukaenda Naif sote watatu kwa teksi. Fundi aliposikia anatakiwa kulifumua jina la juu alisikitika, kwa kuwa ndilo alilolipenda. Alifumua taratibu kwa wembe, uzi wa dhahabu ukaanguka vipande vipande kwenye sakafu, na kitambaa kikabaki na vitobo vidogo pale mzee wa kanisa alipokuwa. Mkulima sasa ndiye akawa wa kwanza, na Madam akataka jina lake lidariziwe upya.

"Huyu kwa uzi gani?" akauliza fundi.

Madam aliuliza walinzi huwa anawadarizi kwa uzi gani. Fundi akamwonyesha wa buluu. "Huo," akasema Madam. "Na chini ya jina, weka mtamba."

"Mtamba ni nini?" Mpishi akamwonyesha kwa vidole viwili kichwani na mlio. Fundi alicheka, akadarizi ng'ombe aliyefanana zaidi na paka. Hatukumrekebisha.

Madam akasafiri. Siku ya sherehe alikuwa ameahidi kutupigia, asubuhi yao, jioni yetu, na kuanzia saa kumi mimi na mpishi tulikuwa jikoni, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Mpishi alikuwa amekaanga sambusa nyingi kama vile wageni arobaini wangetokea upande wetu.

"Wakikutukana, usijibu," akaniambia. "Mwangalie tu bibi usoni, ukubali."

"Nitakubali. Ni kweli nilikosea."

"Hivyo hivyo. Na vaa kofia, kichwa kinang'aa."

Simu ikalia saa kumi na mbili kasoro. Tuliona dari, tukaona keki, tukaona watu wengi weupe wenye mashati ya maua, kisha Madam akageuza simu na akatokea bibi kizee mwenye umbo dogo sana kwenye kiti kikubwa. Kitambaa kilikuwa kimelala magotini pake. Kidole chake kilikuwa juu ya paka wa fundi.

"Wewe ndiye Mzee?" akauliza. Sauti ilikuwa kali kama nilivyoambiwa.

"Ndiye mimi, Madam."

"Ulinipa mzee wa kanisa, halafu ukaninyang'anya."

"Ndiyo. Kosa ni langu, si la mdogo wako. Nilisema nina uhakika nikiwa sina, na nilipojua ukweli niliuficha siku mbili. Naomba radhi."

Niliona watu wameshika vikombe bila kunywa. Mpishi alinishika mkono wa shati chini ya meza.

"Unajua nimeishije na yule mzee?" akasema dada yake Madam. "Nilipokuwa na miaka saba nilijifunza kupiga mluzi. Bibi yangu akanizaba kofi. 'Wajukuu wa mzee wa kanisa hawapigi mluzi.' Nikipanda ukuta, mzee wa kanisa. Nikila njiani, mzee wa kanisa. Nilikuwa na mchumba mpiga ngoma, kijana mzuri kuliko wote hapa," na hapa akawatazama wanaume wote mle ndani mmoja mmoja, "nikaambiwa mzee wa kanisa asingekubali. Nimekaa wima miaka themanini na mitatu kwa ajili ya mtu ambaye hata si wa kwetu?"

"Ndivyo wosia unavyosema, Madam."

"Na huyu mwenye ng'ombe. Alikuwa akipiga mluzi?"

"Wosia hausemi. Lakini alisamehewa miaka miwili akapewa na mtamba. Mimi ningepiga."

Alinitazama. Kisha akanyoosha mkono kwa mdogo wake, kwa Madam wangu, akamshika kifundo cha mkono, akamvuta mpaka Madam akakaa kwenye mkono wa kiti. "Huyu aliniambia tangu jana usiku," akasema. "Aliniambia akitetemeka, maskini. Alidhani nitakufa." Akakunja midomo.

Hewa tu ilitoka. Akajaribu tena, hewa. Akasema neno ambalo sitaliandika, akageuka kando, akayatoa meno yake ya juu akayaweka kwenye sahani ya keki, na akajaribu mara ya tatu. Ukatoka. Ulikuwa mwembamba, unayumba, lakini mluzi kweli, na nyumba nzima ikapiga kelele.

"Ya Rabi!" mpishi akasema. "Mtu mzima wa miaka tisini anapiga mluzi ndani ya nyumba! Kwetu angeambiwa anaita nyoka."

"Anasemaje?" akauliza dada yake Madam.

"Anasema unaita nyoka, Madam."

"Waje!" akasema, bila meno, akanielekezea kidole. "Na wewe, usikae hapo na kofia yako. Jibu!"

Nilitazama mpishi. Alikuwa ameshaenda kufunga dirisha, kwa ajili ya majirani. Nikakumbuka tulivyokuwa tukiita ng'ombe jioni, nikalowesha midomo, nikapiga.